Kijani cha Mara ya Tatu

Kazini walimwita Mama Kijani, na jina lilimkaa vizuri kuliko hata lile alilopewa na wazazi. Kila asubuhi, kabla hajatua mkoba wala kuuliza nani tena kaondoka na kikombe chake, alisimama mbele ya skrini kubwa iliyotundikwa ukutani akavipitia vidoa vya rangi kimoja kimoja. Kidoa cha kijani maana yake jaribio limefaulu. Chekundu maana yake kuna mtu kaharibu kitu, na leo hakuna atakayekunywa chai kwa raha. Majaribio hayo karibu yote aliyaandika yeye. Yalijiendesha yenyewe watu wakiwa wamelala, na asubuhi yakamsubiri kama watoto waliomaliza kufua sare wanavyomsubiri mama aje awakague.

Kazi yenyewe ukimsimulia mtu wa nje hupati msikilizaji. Kampuni yao ilitengeneza kichunguzi, yaani programu ambayo waandishi wa programu huitumia kusaka makosa katika kazi zao. Mwandishi akiushuku mstari fulani, anauwekea kizuizi. Programu ikifika hapo inasimama, naye anapata nafasi ya kuchungulia ndani aone mambo yameanza kuharibika wapi. Kizuizi kisiposimamisha, mwandishi anapita kando ya kosa lake mwenyewe akidhani halipo. Basi Mama Kijani alikuwa na vijiprogramu vyake vya kujaribia. Aliviwekea vizuizi, akaviachia vikimbie, na jaribio likauliza: programu imesimama? Imesimama palepale ilipotakiwa? Shangazi yake aliwahi kuyasikiliza maelezo haya mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo mwanangu unatengeneza kitu cha kukagua kitu kinachokagua kitu," alisema. "Na mshahara wanakupa?"

Wanampa, na tena alistahili, maana ukaguzi ulikuwa damuni. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anasoma sekondari, na baba alifanya kazi mbali, akawa mtu wa kuonekana mwisho wa mwezi. Nyumbani alibaki na mdogo wake wa mwisho, ambaye dunia nzima ilimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba. Alimlea kwa kumkagua. "Umenawa?" "Nimenawa, dada." "Lete mikono." "Mlango umefunga?" "Nimefunga." Naye dada anainuka kwenda kuujaribu mlango. Mtoto hakuwahi kununa. Alikuwa na roho nyepesi, alicheka akatandaza viganja vyake hewani kama mfanyabiashara asiye na cha kuficha. Dada mtu hakuwahi kumpiga hata kofi moja. Wala hakuwahi kuliamini neno lake kabla ya kwenda kujionea, na siku zile hilo aliliita malezi.

Kitinda alikua, akafuata nyayo za dada yake, akaomba kazi kampuni ileile. Hakubebwa. Siku ya usaili dada alitoka kabisa ofisini akaenda kukaa kwenye ngazi, ili watu wasije wakapata la kusema. Kijana akapita, na akawekwa kwenye moyo wa kichunguzi, sehemu inayoweka vizuizi na kuviondoa. Meza zao zilitazamana. Mdogo anatengeneza, dada anakagua. Mchana wanafungua kontena moja la chakula na kugombania kijiko. Meneja alitania kwamba kampuni imegeuka sebule ya watu.

Sasa, mashine za kuendeshea majaribio zilikuwa kuukuu. Kuna nyakati jaribio lilifeli si kwa sababu kizuizi hakikufanya kazi, bali kwa sababu mashine ilichelewa kujibu. Kidoa chekundu kinatokea, watu wanaacha shughuli zao, wanapekua, hawaoni kitu. Likiendeshwa tena, linafaulu. Ikawa leo hivyo, kesho hivyo, mpaka wenye midomo yao wakaanza kumuuliza kama amebadilisha jina na sasa aitwe Mama Nyekundu. Mzaha huo ulimkera kuliko alivyoonyesha. Basi akafanya wanachofanya wengi katika kazi yake. Akaliambia kila jaribio: ukifeli usipige kelele, jaribu tena, ukifeli tena, jaribu mara ya tatu, ukifaulu hata mara moja, hesabu umefaulu. Mistari michache tu, hata chai yake haikuwahi kupoa. Wekundu ukatoweka ukutani, amani ikarudi, meneja akatuma pongezi zenye picha ya maua. Hakuna aliyeuliza ni kijani kipi kimepatikana mara ya kwanza na kipi kimepatikana mara ya tatu, na yeye mwenyewe, bingwa wa kukagua, hakujiuliza.

Haikupita muda mrefu, Kitinda akaja mezani kwake amekunja uso.

"Dada, kizuizi kinarukwa."

"Kipi?"

"Chochote, ila siyo kila mara. Zikiwa nyuzi mbili." Nyuzi ndivyo wanavyoziita kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja. "Zikifika mstari mmoja karibu pamoja, wa kwanza unasimama, wa pili unapita kama vile hapana kitu."

"Umeona mara ngapi?"

"Chache. Nikikodoa macho haiji. Nikijisahau, hiyo hapo."

"Na jaribio la nyuzi mbili linasemaje?"

Kitinda akajikuna shingo. "Linasema kijani."

"Haya basi."

"Dada, nimeona kwa macho yangu."

"Na mimi kwa macho yangu nimeona kijani. Umekula?"

Hakuwa amekula. Wala hakuacha. Alikaa na jambo lile wiki kadhaa, na siku moja wakiwa kwenye lile kontena lao la chakula akaja na maelezo. Ili uzi wa kwanza uendelee baada ya kusimama, alisema, kichunguzi kinakiondoa kizuizi kidogo tu, kinaupitisha, halafu kinakirudisha. "Ni kama mlinzi anayeinua mti wa getini apitishe gari moja. Sasa gari la pili likijibana nyuma ya la kwanza, je? Mlinzi hata hatajua." Alisema huku akionyesha kwa kijiko na kifuniko cha kontena. Dada aliitikia kwa kichwa akisikiliza nusu. Angeweza mchana uleule kuyageuza maneno yale kuwa jaribio. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ilikuwa kazi ya saa chache. Alimwambia arudishe kifuniko, chakula kinapoa.

Likaja lile kusanyiko la kabla ya kuwapelekea wateja toleo jipya. Watu wote wa kazi walikuwa chumbani, wengine wameegemea madirisha. Meneja akauliza, kama padre anayefungisha ndoa, iwapo kuna mwenye pingamizi. Kitinda akasimama.

"Tusitoe," alisema. "Kuna vizuizi vinarukwa." Akaeleza yote, nyuzi, mlinzi, gari la pili. Alieleza vizuri.

Meneja hakumjibu yeye. Alimgeukia dada yake. "Mama Kijani, unasemaje?"

Angeweza kusema, tumpe siku mbili. Badala yake alienda kwenye kibodi akayaendesha majaribio mbele ya kadamnasi, na vidoa vikaanza kuwaka ukutani, kijani, kijani, kijani. Lile la nyuzi mbili likachelewa. Lilikawia kuliko mengine yote kabla halijawaka, na yeye aliuona ule ukawiaji. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye: kwamba aliuona. Akajiambia mashine imechoka. Kidoa kikawaka kijani, watu wakashusha pumzi, na mdomo wake ukatangulia kichwa.

"Jamani, msimchukulie vibaya," alisema akicheka. "Huyu tangu utotoni usingizi ukimpungua kidogo anaanza kuona majini."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kitinda naye akacheka, ila alichelewa, akaketi taratibu kama mtu asiye na uhakika kiti kipo. Toleo likatoka. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mzee wa Majini, kwa upendo kabisa, na meneja, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamhamishia kuandika maelekezo ya watumiaji ili apumzishe akili.

Wangegombana ingekuwa nafuu. Ugomvi una mwisho. Watu wananuniana, wanasuluhishwa, wanakula pamoja. Kitinda hakugombana na mtu. Alianza kuuliza. "Dada, hebu njoo uone, hapa nimeandika sawa?" Na hapo alipoandika hata mtoto angejua ni sawa. Alihifadhi kazi, akaifungua aone kama imehifadhiwa, akaifunga, akaifungua tena. Akitoka chooni alirudi kutazama kama bomba amelifunga. Na dada, Mungu amsamehe, mwanzoni alifurahi. Alidhani mdogo wake hatimaye amekuwa mtu makini.

Halafu siku moja kijana akasema anaacha kazi. "Nimechoka kubahatisha," alisema, na hakutaka kuongeza. Akaenda kusaidia kwenye duka la binamu yao la kuchapa na kudurufu. Dada alipiga kelele, akabembeleza, akamtuma shangazi, mwishowe akanyamaza. Angalau yuko karibu, alijifariji. Jumapili walikuwa pamoja kama kawaida, na vijembe vyao vilevile. Ungemuuliza dada kama kuna kitu kimevunjika, angekushangaa.

Miaka ikapita. Kampuni ikapata pesa ikanunua mashine mpya, za kasi, ambazo hazikuchelewa kujibu hata ukizibebesha mzigo wa punda wawili. Mama Kijani, kwa kupenda kwake usafi, akaanza kufagia vitu vya enzi za mashine mbovu. Akaifikia ile mistari ya kurudia mara tatu. Haina kazi tena, aliwaza, akaifuta, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda kilichopona. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wenzake wanabishana kuhusu feni. Akayaendesha majaribio akitegemea kijani kije upesi zaidi.

Likaja jekundu. Jaribio la nyuzi mbili.

Akaliendesha tena: kijani. Tena: kijani. Tena: jekundu. Hakumwita mtu. Akakaa akaandika jaribio la kile alichokuwa ameambiwa mbele ya kontena la chakula: akamfanya mlinzi achelewe kidogo tu kuurudisha mti baada ya kupitisha gari la kwanza. Uzi wa pili ukapita. Akarudia, ukapita. Kila mara ulipita, wala haukujificha, kama mtu anayejua nyumba haina mwenyewe.

Alikwenda chooni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, hasira juu yake mwenyewe. Jaribio, kitu kisicho na mama wala baba, alikuwa amelipa nafasi tatu kila usiku kwa miaka. Mdogo wake, aliyemwogesha kwa mikono hii, hakumpa hata moja nzima. Kosa lilikuwa likikamatwa kila lilipotokea, na yeye ndiye aliyekuwa akiliambia jaribio linyamaze. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakusema ukishampata hatoki tena nyumbani.

Alimweleza meneja yote bila kujikosha. Meneja alishika kichwa, kwanza kwa ajili ya wateja, kisha kwa ajili ya kijana.

"Mwite," alisema. "Kiti chake kipo, kazi yake ileile. Nitamwomba radhi mbele ya watu wote waliocheka, na wa kwanza ni mimi."

Mama Kijani akachukua kompyuta yake ya mkononi akaondoka palepale. Njiani alikuwa na furaha ya ajabu ndani ya uchungu ule, kama mtu aliyekipata kitu cha mwenzake kilichopotea na sasa anakirudisha. Alishapanga maneno. Alishaona hata Kitinda akimtukana kidogo, na yeye akiyapokea matusi yote, kisha wanacheka.

Duka lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa. Ndani palinuka wino na plastiki ya moto. Kitinda alikuwa na mteja, mama mmoja aliyekuja kuchapisha kadi za mwaliko. Alikuwa amemgeuzia skrini.

"Mama, soma jina mwenyewe, herufi moja moja," alimwambia kwa tabasamu. "Mimi macho yangu siyategemei."

Alilisema kama mtu anavyosema yeye ni mfupi, au hapendi kitunguu. Dada alikuwa amelisikia neno hilo Jumapili nyingi na siku zote alidhani ni utani. Akasubiri mpaka mama yule akamaliza, akakubali, akaenda kukaa kwenye benchi la nje kungoja kadi zake.

"Dada! Leo vipi, umefukuzwa?"

"Kitinda, kizuizi kilikuwa kinarukwa."

Kitinda akaweka chini karatasi alizokuwa nazo.

"Ulikuwa sahihi. Kila kitu, mlinzi, mti, gari la pili. Jaribio langu lilikuwa linarudia mara tatu kimyakimya. Mimi ndiye niliyeliweka hivyo. Nililificha kosa uliloliona wewe... yaani ulikuwa sahihi, na mimi nikakufanya kichekesho mbele za watu. Nisamehe."

Alitegemea chochote, ila si alichokiona. Uso wa Kitinda haukufurahi wala haukukasirika. Uliogopa.

"Una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika."

"Umerudia?"

"Nimerudia mpaka vidole vimeuma."

"Huenda ni mashine."

"Mashine ni mpya, Kitinda."

"Mpya ndizo zenye vituko."

Dada akasogeza vipande vya karatasi, akaweka kompyuta juu ya kaunta, akamwonyesha lile jaribio la uhakika. Jekundu. Kitinda aliinama akausoma msimbo, ile mistari ya jaribio, na kwa dakika moja alikuwa yuleyule wa zamani, nyusi zimekutana, midomo ikichezacheza. Kisha akanyooka.

"Hili umelipika, dada. Umemchelewesha mlinzi mwenyewe. Ukimchelewesha mlinzi lazima mtu apite, siyo? Hiyo haithibitishi kitu. Endesha lile la kawaida."

Ndivyo hasa ambavyo dada angemjibu yeye miaka ile. Akaliendesha la kawaida. Wakasubiri wote wawili, mabega yamegusana.

Kijani.

Kitinda akashusha pumzi, na dada akamwona akipata nafuu, nafuu ya kweli, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe si kitu. "Unaona?" alisema. "Ni kizima."

"Linakuja na kupotea! Wewe ndiye uliyeniambia linakuja na kupotea! Subiri niendeshe tena."

"Dada, mteja ananingoja."

"Meneja anakuita. Kiti chako kipo. Anataka akuombe radhi mbele ya watu."

"Mwambie nashukuru sana." Alisema kwa adabu, kama anayekataa chai kwa jirani, akageukia mashine yake ya kuchapa. Kadi zikaanza kutoka moja moja. Aliichukua ya kwanza akaiinua kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma, akaiweka, akaichukua tena.

Nyuma yake dada alikuwa akibonyeza. Kijani. Kijani. Jekundu.

"Kitinda! Njoo uone, upesi."

Alipunga mkono bila kugeuka. "Nakuja."

Hakuja mpaka kadi zote zikaisha, na mama wa watu akazisoma upya, akaridhika, akaenda zake. Ndipo alipoleta kigoda akamkalisha dada yake, akamimina maji kwenye glasi akampa. Kidoa bado kilikuwa chekundu. Dada akaigeuza skrini imwelekee, akataka kumwambia "niamini," akagundua kwamba katika maisha yao yote, kutoka kwake yeye, mtoto huyu hajawahi kujifunza neno hilo linafanyaje kazi.

Kitinda hakutazama skrini. Alikuwa akimtazama yeye, kwa huruma.

"Nilikosea, dada," alisema taratibu, akimshika bega. "Mimi nilishakubali zamani. Na wewe kubali, upumzike."